Daftari za madeni za duka langu Madale, na soko ambalo hatukuliachia nafasi

MamaDuka_Madale (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Nasoma hapa kimyakimya miaka mingi, leo nimeona niandike. Uzi ni mrefu, wenye haraka mnisamehe.

Nina duka Madale ndani, pembezoni mwa Dar es Salaam. Ukiacha lami unatembea kama dakika kumi na mbili. Nilifungua 2013. Juzi usiku nilikuwa napanga kabati nikakuta daftari zangu za madeni za zamani, saba, nikakaa chini nikazisoma moja baada ya nyingine mpaka saa saba usiku. Mtaa wetu wote umo humo.

Daftari ya kwanza wadaiwa ni mafundi na walinzi tu. "Fundi wa kwa mwalimu, misumari inchi 4, kilo 1." "Mlinzi wa boma la mwembeni, sukari robo, sigara 2, betri." Hakuna jina la mwanamke hata moja. Wenye viwanja walikuwa bado wanaishi Sinza, Tabata, Magomeni, wanakuja Jumamosi na mifuko minne ya saruji nyuma ya gari, wanajenga kozi mbili tatu, hela inaisha, wanaondoka. Nilikuwa nauza waya wa kufungia nondo kuliko unga. Kuna boma mpapai ulikua sebuleni hadi ukapita usawa wa linta, na mlinzi alikuwa ananiuzia mapapai yake.

Daftari ya pili, 2015, ndiyo wanaanza "Mama". Mama nani, Mama nani, kurasa nzima. Sabuni ya mche, mafuta ya kula ya kupima, nepi, kalamu za risasi. Hawa walihamia nyumba hazijaisha. Madirisha wamepanga matofali makavu au wamegongomea bati, sakafu ni mchanga, choo cha muda kiko nyuma. Sababu waliyoniambia karibu wote ni moja: mwenye nyumba huko mjini anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hiyo hela ukiiweka kwenye bati unakuwa umepaua.

Ya tatu, mishumaa na mafuta ya taa yanapungua, halafu yanapotea kabisa. Umeme umefika. Badala yake nakuta barafu, soda baridi, maziwa mgando. Ya nne na ya tano bodaboda wanajaa, kwa sababu ya lami ya Goba hadi Madale na Wazo, na nyuma yao wapangaji. Na hapo madeni yanaanza kupungua. Mwanzoni nilidhani ni neema. Nilipotulia nikaelewa kuwa mpangaji analipa kwa simu, anachukua mkate, anaondoka, simjui jina. Daftari ya saba iliishia katikati.

Sasa niseme kinachoniuma. Jumapili nilitembea kutoka kona ya kanisa hadi kwangu nikihesabu fremu za maduka. Nimepata 64. Kila mwenye nyumba anayegusa barabara amevunja ukuta wake wa mbele akatoa milango miwili mitatu. Kati ya hizo, 27 zimefungwa, zimeandikwa INAPANGISHWA na namba ya simu. Zilizo wazi ni saluni, kinyozi, wakala wa pesa, duka la dawa, chipsi, bucha, vifaa vya ujenzi, halafu saluni tena.

Soko hatuna. Mboga zinatoka soko la Tegeta Nyuki alfajiri zikiwa kwenye bodaboda, zinatandazwa chini pembeni ya barabara. Mbele ya duka langu kuna bibi anauza mchicha na bamia. Turubai lake liko juu ya mtaro kwa sababu ndiyo sehemu pekee isiyo ya mtu. Masika hii mtaro ulijaa saa kumi na moja jioni, saa ya biashara, maji yakabeba mafungu yote ya mchicha. Tulikimbia nayo mimi na yeye mpaka kwenye kalavati. Tuliokota matatu.

Nilinunua kiwanja changu kwa mwenye shamba. Ekari tatu zilikatwa viwanja 26, nyingi 20 kwa 20, njia zikaachwa za kupita gari moja. Hakuna aliyeuliza soko litakaa wapi, na mimi sikuuliza. Naomba wenye ujuzi mniambie: tulikosea wapi, na bado kuna linalowezekana?

Bodaboda_Wazo

Mama shikamoo. Huyo bibi wa mchicha namjua, ndiye namletea mzigo kutoka Nyuki. Nafuatilia huu uzi.

Mpimaji_Mstaafu

Mleta mada, ahsante. Nimefanya kazi ya upimaji miaka mingi, niseme ninavyoijua.

Mwenye shamba anauza kilichopo mkononi mwake, na dalali analipwa kwa kiwanja kilichouzwa. Eneo la soko halina mnunuzi, kwa hiyo kwa wote wawili ni hasara. Mpaka mtaalamu anakuja kuchora mchoro wa mipango miji, nyumba zimeshasimama, na mchoro unalazimika kufuata kuta. Huo ndio urasimishaji. Unakupa hati, unakupa namba ya kiwanja, lakini ardhi ya soko hauwezi kuizaa mahali ambapo kila mita ina mwenyewe.

Linganisheni Sinza na Manzese. Miaka ya 1970, serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kabla watu hawajajenga, zikachorwa barabara na maeneo ya huduma. Manzese ilikuwa imeshajaa watu, ikaboreshwa ikiwa vilevile. Pita leo sehemu zote mbili. Sinza nyumba nyingi zimegeuka maduka, hoteli na ofisi, na bado gari la taka linapita na gari la zimamoto linaingia, kwa sababu barabara ilichorwa miaka hiyo kukiwa na vichaka.

Mwaka 2002 tukarudia somo kwa mradi wa viwanja 20,000: Bunju, Mbweni Mpiji, Mivumoni, Kibada, Kisota, Gezaulole, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni. Kazi nzuri, lakini jiji lilikuwa linakimbia. Sensa ya 2002 Dar ilikuwa na watu 2,487,288. Sensa ya 2012 ikakuta 4,364,541. Viwanja hivyo kwa ongezeko la karibu milioni mbili ndani ya miaka kumi, waliobaki wangekwenda wapi? Walikwenda kwa mwenye shamba.

Kibada_Block

Mimi ni mmoja wa waliopata kiwanja cha mradi huo, Kibada, Kigamboni. Mleta mada asidhani sisi tuliopimiwa tuliingia peponi.

Barabara zetu pana, viwanja vikubwa, maeneo ya biashara yapo kwenye ramani yana namba. Lakini nilipohamia, kati ya viwanja kumi kuzunguka kwangu vilivyojengwa vilikuwa viwili. Vingine wenyewe waliviweka kama akiba ya benki, vikaota vichaka. Muuza duka hawezi kuishi kwa kutegemea kaya tatu. Kununua dawa ya mtoto usiku ilikuwa safari. Kwenda Kariakoo ni kupanga foleni ya pantoni, na pantoni ikiharibika unalala upande uliokukuta.

Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016 (ni mita 680 tu, lakini kwetu lilikuwa kama kuhamishiwa nchi nyingine) vichaka vikaanza kuondoka. Maduka nayo yakaja, na cha ajabu hayakuja kwenye maeneo yaliyochorwa. Yalikuja kwenye kona daladala zinaposimama. Wenye viwanja vya biashara walikuwa wanasubiri bei ipande.

Ninachosema ni kwamba eneo lichorwe, ndiyo, na wawepo watu wa kutosha wanaopita hapo kwa miguu.

Mpimaji_Mstaafu

@Kibada_Block umesema kweli na nakubali kosa hilo. Tulipima viwanja vikubwa mno kwa eneo la mbali, na hatukuweka nguvu ya kumlazimisha mwenye kiwanja kukiendeleza ingawa masharti ya hati yalikuwepo.

KeregeMwisho

Mnazungumzia Dar, lakini Dar imeshavuka mpaka. Mimi naishi Kerege, ng'ambo ya Mto Mpiji, kwa karatasi ni Mkoa wa Pwani, Bagamoyo. Kazi yangu iko Mwenge. Kila nyumba mtaani kwetu kuna mtu anaamka saa kumi alfajiri kuwahi mjini.

Angalieni sensa: Pwani 2012 ilikuwa na watu 1,098,668, 2022 ikawa 2,024,947. Hao hawakuzaliwa wote Pwani. Ni Mapinga, Kerege, Kibaha, Mlandizi, Vikindu, Mkuranga. Dar yenyewe kwa muda huohuo imetoka milioni 4.36 hadi 5.38, yaani kwa kasi Pwani imeipita mbali. Huku kwetu bado kuna mashamba ya mikorosho na minazi yanakatwa sasa hivi, wiki hii. Jambo analosema mama, kwenu limepita lakini kwetu ndiyo linatokea mbele ya macho. Jumamosi iliyopita nilimkuta dalali ana kamba na vigingi anapima shamba la ekari tano karibu na sisi. Nikamuuliza shule iko wapi hapo. Akaniambia shule ipo Kerege.

Mjasiriamali2020

Wakuu, kwa heshima zote, masoko ya mchicha ni mambo ya zamani. Maeneo yakikua supamaketi zitakuja zenyewe. Mwekezaji anaangalia watu na lami. Mlimani City ilipofunguliwa 2006 watu walisema nani ataenda, leo Jumamosi huna pa kuegesha gari.

MamaDuka_Madale

@Mjasiriamali2020 mwanangu, Mlimani City naipenda, nimewahi kumpeleka mjukuu. Lakini tuangalie supamaketi kubwa zilizokuja Dar. Shoprite waliuza maduka yao kwa Nakumatt 2014 wakaondoka nchini. Uchumi wakafunga mwaka uliofuata. Nakumatt wenyewe wakaanguka. Game nao wameondoka. Jengo limebaki na wapangaji wapya wamekuja, ni kweli, ila hao wakubwa wote walikuwa wanatafuta mteja mwenye gari anayenunua ya wiki nzima.

Mteja wangu ananunua ya leo. Anataka mafuta ya kupima, nusu ya kitunguu swaumu, unga nusu kilo kwa sababu mshahara wake ni wa siku. Mara mbili kwa wiki kuna mama anakuja saa tatu usiku, mume ni dereva, hela inaingia akirudi. Namfungulia dirisha. Supamaketi ndogo mbili zimefunguliwa hapa kwetu na sizichukii, watoto wanapata aiskrimu. Lakini hazijawahi kuuza fungu la mchicha, na hata zikiuza huyo bibi atakuwa hana kazi.

Ruiru_Kwetu

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Niko Ruiru, nje kidogo ya Nairobi, naomba niongeze neno.

Hapa kwetu ardhi ilikuwa mashamba ya kahawa. Yaligawanywa na vyama na kampuni za kununua ardhi, kila mwanachama akapata ploti, nyingi ni futi 50 kwa 100. Thika Road ilipomalizika 2012 kila kitu kilibadilika. Sensa ya 2009 Ruiru ilikuwa na watu kama 239,000, ya 2019 ikawa 490,000. Sisi hatukujenga nyumba za chini kama nyinyi. Mwenye ploti anainua gorofa tano, chini anaweka maduka, juu wapangaji. Kwa hivyo mteja yuko juu ya kichwa cha mwenye duka, na duka halikosi watu. Kando ya barabara kuu tukapata Thika Road Mall 2013, Garden City 2015, na supamaketi zimejaa.

Lakini mama mboga wetu yuko palepale alipo bibi wenu. Amekaa kwa reli ya barabara, juu ya mtaro. Kwa ploti ya 50 kwa 100 kila futi ni kodi, hakuna anayemwachia nafasi. Na gorofa tano zikiwa zimebanana hivyo, maji taka yakifurika hupita kwa mboga zake. Kwa hivyo msione kwamba kujenga juu kunamaliza shida hii.

FremuZangu3

Nasoma hapa nikijiona. Mimi ni kati ya waliovunja ukuta. Nilistaafu 2018, nikachukua kiinua mgongo nikatoa fremu tatu mbele ya nyumba, nikijua kodi itanitunza. Moja ina kinyozi. Mbili zimekaa miezi kumi na moja.

Tulifanya wote kwa wakati mmoja. Aliyetangulia alipangisha ndani ya wiki, tukaona, tukaiga. Saruji na milango ile ya chuma imekula karibu nusu ya nilichopewa. Nikisikia soko linajengwa najiuliza hata huyo kinyozi ataondoka?

MamaDuka_Madale

@FremuZangu3 kaka yangu, pole sana, na ahsante kwa kusema ukweli. Mimi naona kinyume. Asubuhi majirani zako wanapanda bodaboda kwenda Nyuki kwa ajili ya nyanya, na wakishafika hukohuko wananunua nyama, wananyoa watoto, wanatoa pesa kwa wakala, wanarudi wamemaliza kila kitu. Fremu zetu zinapitwa kwa sababu mboga iko kwingine. Kwenye daftari zangu imo: siku za masika makali ambazo barabara ilikatika na watu hawakuweza kwenda Tegeta, mauzo yangu yalikuwa mara mbili, na bucha ya jirani ilimaliza ng'ombe saa nne asubuhi.

Fundi_Nondo

Niongeze jambo la hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa, maana watu wanajenga bila kujua. Mwaka 2017 nilikuwa nafanya kazi Kimara. Morogoro Road hifadhi yake ni mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, na bomoabomoa ya Kimara hadi Kiluvya ilipokuja ilipita na nyumba, maduka, vituo vya mafuta. Nimepaua nyumba nilizoziona zinavunjwa. Leo barabara ni njia nane hadi Kibaha na stendi kuu ya mabasi iko Mbezi Luis tangu 2021, biashara imehamia huko. Wale walioweka fremu mbele kabisa ndio walioondoka kwanza. Kabla hujavunja ukuta, uliza barabara yako itakuwa na upana gani.

KeregeMwisho

@Mpimaji_Mstaafu mzee wangu, kwa huyo dalali wa ekari tano, bado hajauza hata kimoja. Tufanye nini?

Mpimaji_Mstaafu

Nenda kwa mwenye shamba, mpite dalali. Mwambie hivi: viwanja vinavyotazama soko na barabara ya mita 10 vinauzwa bei ya juu kuliko vilivyofichwa nyuma. Akiacha robo ekari ya huduma na barabara pana, vilivyobaki vinaweza kumfidia. Wengine wanaelewa ukiwachorea chini kwa kijiti, nimeshafanya mara nyingi.

Pili, makubaliano ya mdomo hayatoshi. Nimeona maeneo ya wazi mengi yaliyoachwa kwa nia njema yakauzwa miaka mitano baadaye na mtoto wa aliyeahidi. Eneo liingie kwenye mchoro wa mipango miji, mchoro uidhinishwe, na ardhi isomeke kuwa ya umma chini ya halmashauri, isiandikwe jina la mwenyekiti wala la kamati. Ndiyo kinga.

Na wewe MamaDuka, hapo kwenu hakuna kiwanja hata kimoja ambacho hakijajengwa?

MamaDuka_Madale

Kipo. Nimekuwa nakifikiria tangu jana.

Nyuma ya kalavati, pale mchicha ulipobebwa, kuna kiwanja cha marehemu mmoja. Boma lake halikufika linta, ndilo lile la mpapai. Warithi wako Moshi, walishakuja mara mbili kutafuta mnunuzi, wateja wanakataa kwa sababu upande mmoja unapakana na korongo. Kwa nyumba hakifai. Kwa meza za mboga, ukiweka ukuta wa mawe upande wa korongo, nadhani kinafaa. Nimekwenda leo asubuhi na kamba ya kuanikia nguo nikapima na bodaboda wa hapa: 34 kwa 41.

Mpimaji_Mstaafu

Hiyo ni karibu mita za mraba 1,400. Meza 80 na choo na pa kushushia mzigo vinaingia. Ila usijenge chochote kabla sijaona hilo korongo. Maji ya Madale na Goba yanashuka kwa kasi kuelekea baharini na mchanga ule unakatika kama mkate, na kama kuna watu wanachimba mchanga chini yake ukuta hautadumu misimu miwili. Nakuja Jumamosi, sihitaji malipo. Nitafutie mtu wa kushika ncha ya pili ya futi ya kupimia.

FremuZangu3

Nipo Jumamosi. Na kama kutakuwa na mchango wa kununua, andika jina langu.

Bodaboda_Wazo

Mzee nikupokee Tegeta Kibaoni saa ngapi?

MamaDuka_Madale

Saa mbili asubuhi, kabla jua halijakali. Nimeongea na mwenyekiti wa mtaa, amesema warithi akiwapigia yeye watasikiliza, na ameweka jambo hili kwenye kikao cha Jumapili. Nimefungua ukurasa mpya kwenye ile daftari ya saba iliyoishia katikati, nimeandika majina ya kaya zilizokubali kuchangia. Mpaka jioni hii ni 19. Bibi wa mchicha ameomba aandikwe wa kwanza, ametoa elfu mbili.